Kadi za Rostislav Vaňhara

Ninyi mlioketi karibu na jiko la kuni, ndiyo, ninyi, ambao hata karatasi haijakunjuliwa mmeshaanza kugusana viwiko na kuulizana kama kikongwe huyu atamaliza kusoma bila kuchanganya tarehe, tulieni, maana tarehe zote zimeandikwa hapa kwa kalamu na zimelinganishwa na vyeti, na asiyeamini atakayoyasikia ana ruhusa ya kwenda ofisi ya kijiji akapekue mwenyewe, badala ya kutikisa kichwa kama farasi anayefukuza nzi. Kule kanisani padri alisoma mistari kumi, akasema marehemu alikuwa mtu mpole aliyependa vitabu, na hiyo si historia, hayo ni maneno anayoweza kumwagiwa maiti yeyote. Historia yenyewe inasomwa hapa, katika chumba cha nyuma cha baa ya kijiji, na supu haitaletwa mpaka isomwe yote, hilo limeshapangwa na mama mwenye baa, kwa hiyo msimkonyeze.

Msomaji ni Anežka Vaňharová, dada mkubwa wa marehemu, mwenye umri wa miaka themanini na tano, aliyesoma madarasa manane na kuishia hapo, na katika karatasi hizi ataitwa dada yake, kwa sababu historia ni ya marehemu, ingawa kuna mahali itabidi naye aingie, na akiingia mtajua.

Marehemu Rostislav Vaňhara, nyumbani Rosťa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1937, hapa hapa Dolní Javorná, nyumba namba 47, mtoto wa pili na wa mwisho wa Metoděj Vaňhara, mchonga vigae vya mbao, na mkewe Rozálie, saa nne asubuhi, mkunga akiwa amechelewa kwa sababu ya theluji, na kwa ushahidi wa mama yao swali lake la kwanza alipoanza kusema lilikuwa "hiki kinaitwaje", na hakuacha kuliuliza mpaka wiki iliyopita.

Alianza shule ya msingi ya kijiji hiki Septemba 1943, wakati wa Wajerumani, akaimaliza Juni 1952, akaendelea na sekondari mjini Vsetín, akaimaliza Mei 1955, kisha akaingia chuo kikuu cha Brno, ambako alisoma Kicheki pamoja na Kiingereza, hasa Kiingereza cha kale, kile ambacho Waingereza wenyewe siku hizi hawakielewi. Ieleweke kwamba dada yake aliimaliza shule hiyo hiyo ya msingi mwaka 1948 akiwa wa kwanza darasani, mwalimu akaja nyumbani mara mbili kumwombea aendelee, lakini baba yao alikuwa na uwezo wa kumweka mjini mtoto mmoja, akamngoja mvulana akue. Halisemwi hilo kwa kulalamika, linasemwa kwa sababu bila hilo yanayofuata hayaeleweki.

Kila alipokuja likizo marehemu alikuwa na neno jipya, na hakuweza kunyamaza nalo hata wakati wa kula. "Mnajua dubu anaitwaje?" aliuliza siku moja, na baba akamjibu, "Anaitwa dubu, kula." "Hapana, baba, jina hili letu maana yake ni mla asali, jina lake la kweli watu wa kale waliogopa kulitaja, asije akasikia akatokea." "Basi na wewe usiwataje wajomba zako," baba alisema, "wasije wakatokea kabla viazi havijaisha." Siku nyingine alieleza kwamba jina la Jumapili, kwa lugha yetu, maana yake ni siku ya kutofanya, na mama, aliyekuwa ameshika vyungu viwili na mguu mmoja akisukumia mlango wa jiko, akauliza, "Nani huyo asiyefanya? Nionyeshe nikamwone." Hivyo ndivyo alivyokuwa, anacheka, anaandika, na anayejibiwa vibaya ni yeye.

Tarehe 1 Septemba 1960 aliajiriwa katika ofisi ya kamusi mjini Brno, na hapa lazima ielezwe kazi yenyewe, maana wengi wenu mmekaa miaka hamsini mkiisema bila kuijua. Kila neno lililosikika kijijini liliandikwa kwenye kadi moja ndogo, neno, maana yake, kijiji, tarehe, na jina la shahidi aliyelisema, na kadi moja haikutosha kitu, ilitakiwa kadi ya pili, ya shahidi wa pili, ambaye si ndugu wa wa kwanza, na ambaye hakutajiwa neno lenyewe, yaani unamwonyesha kitu au unamweleza jambo, kisha unafunga mdomo wako na kungoja aseme mwenyewe. Kadi mbili zikikutana, neno linaingia kwenye sanduku la kudumu, na hapo watu wa asili ya maneno wanaweza kuanza kulitafutia baba na babu. Marehemu alikuwa mwanafunzi mzuri wa kanuni hiyo, na shahidi wake mkubwa katika bonde hili lote alikuwa dada yake, aliyelelewa mgongoni mwa bibi yao, na aliyekuwa na maneno ya bibi kichwani, maneno ya maziwa, ya kondoo, ya ukataji wa nyasi, ya theluji mbichi na theluji mbivu, jumla yake mia tatu na kumi na mbili.

Sasa inakuja Jumamosi ya tarehe 13 Oktoba 1962, na wale waliokuwa wakitazama mlango wa jikoni warudishe macho. Dada yake alikuwa anakanda unga wa mkate katika lile beseni la mbao, na marehemu akaingia, amevaa shati la mjini. "Dada," akasema, "unajua wewe ni nani?" "Mimi ni mtu mwenye unga mpaka kwenye viwiko, sogea." "Waingereza wa kale, zaidi ya miaka elfu iliyopita, bwana wa nyumba walimwita mlinzi wa mkate, na bibi wa nyumba walimwita mkandaji wa mkate, na hilo neno lao la kukanda ni ndugu wa damu wa jina la beseni hili uliloliinamia, yametoka tumbo moja, unaelewa?" "Naelewa, bibi wa nyumba nimesimama tangu alfajiri, kamletee kuni." Akaleta kuni, akarudi pale pale. Alisema kinachokosekana ni kitu kimoja tu, jina letu wenyewe la mwanamke mkandaji, la tumbo lile lile, kwamba akilipata atakuwa ameshika ncha zote mbili za kamba. "Bibi yetu hakuwahi kumwita mkandaji kwa jina lolote la zamani?"

Dada yake mgongo ulikuwa unamuuma, na yule kijana mwenye mikono safi alikuwa amesimama akimwangalia kama mtu anayengoja kuku atage, basi akataga. Alitunga neno hapo hapo, kwa kuligeuza mkia jina la beseni, akalitamka kwa sauti ya bibi, na marehemu akakaa chini kwenye gogo la kuni kama aliyepigwa. Neno lenyewe halitatamkwa katika chumba hiki, limeshatamkwa vya kutosha, na neno likisemwa mazishini watu hulikumbuka.

Kwa kanuni yake marehemu akanawa uso, akachukua kadi, akaenda kwa jirani yetu Filoména Surovcová, mjane wa miaka sabini na minane, kutafuta shahidi wa pili, na alifuata barabara kwa sababu ya viatu vyake vya mjini. Dada yake alipita bustani ya miplamu, akatangulia. "Filomčo, Rosťa anakuja kukuuliza mkandaji aliitwaje zamani, mwambie hivi." "Kwa nini nimwambie hivyo?" "Tucheke." "Haya, tucheke," alisema yule mama, ambaye tangu mumewe afe hakuwa amecheka sana. Mpango ulikuwa kumwambia marehemu ukweli wakati wa chakula cha jioni, lakini aliporudi uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeletewa mtoto wa kwanza, mama akalia machozi bila hata kujua kwa nini, baba akatoa chupa ya pombe ya plamu iliyokuwa ikingoja harusi, na hakuna aliyecheka. Kesho yake marehemu alipanda basi na kadi zake mbili. Surovcová alifariki Februari 1963, na tangu hapo aliyejua alibaki mmoja.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Julai 1963 na Drahomíra Sedlářová, mwalimu wa shule ya chekechea, mwanamke mwema aliyevumilia kadi mezani, kadi kitandani, na mara moja kadi ndani ya keki, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Vojtěch, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1965, na ambaye ameketi hapa mbele. Makala ya marehemu juu ya neno lile ilitoka mwaka 1964, ikapokelewa vizuri, barua zikamjia hata kutoka Uingereza, akaahidiwa kuongoza sehemu nzima ya asili ya maneno, na kila Krismasi alimletea dada yake kitambaa cha kichwa na kumwambia, "Hiki ni cha bibi wa nyumba," na dada yake alikifunga.

Mwaka 1969 wenzake wawili walizunguka vijiji arobaini vya milima hii, wakaonyesha beseni, wakanyamaza kama inavyotakiwa, na hakuna kijiji kilicholitamka neno lile, hata kimoja. Wakaandika hivyo, kwa adabu, lakini waliandika. Tarehe 10 Oktoba marehemu alishuka basi la saa nane mchana, akamkuta dada yake uani, anakoroga jemu ya plamu kwenye sufuria kubwa, na hakumsalimia.

"Anežko, lile neno ulilitoa wapi?"

"Lipi?"

"Usiniulize lipi."

"Kichwani."

"Kichwani mwa bibi au kichwani mwako?"

"Mwangu. Na Surovcová nilimtangulia kwa njia ya bustani. Tulitaka tucheke tu, Rosťo, halafu mama akalia."

Jemu ikaanza kushika chini, marehemu akamnyang'anya mwiko, akakoroga yeye. Dada yake alisema atavaa koti, atapanda basi aende Brno akaseme mwenyewe. "Huendi popote," marehemu alimjibu. "Mwandishi akikosea, anaondolewa mwandishi, kadi zinabaki. Shahidi akidanganya, kadi zake zote zinatolewa, zote, hata za kweli, maana nani atajua ipi ni ipi? Una kadi mia tatu na kumi na mbili katika yale masanduku. Yale mengine ni ya kweli?" "Ya kweli, yote ni ya bibi, naapa." "Usiape, nimekuamini." Kisha akasema, "Shahidi wa pili nilimpata kwa machache tu, dada, mengi bado yana jina lako peke yake, nilikuwa bado nayatafutia. Ukifungua mdomo, bibi anazikwa mara ya pili." Na dada yake akafunga mdomo, na mnajua wote kwamba si kawaida yake.

Vojtěch, kaa, bado haijaisha.

Marehemu alirudi Brno, akaandika kwa mkono wake kwamba kwenye zile kadi mbili aliandika alichotamani kusikia, si alichosikia, na kwamba mashahidi hawana kosa lolote. Aliondolewa kazini tarehe 31 Januari 1970, akarudi hapa na mke na mtoto, na kuanzia tarehe 1 Machi 1970 mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 1997 alikuwa karani wa ghala katika kiwanda cha kupasua mbao, ambako hakuna ubao hata mmoja uliopotea katika miaka ishirini na saba, waulizeni wenzake wale wa meza ya pembeni.

Miaka ile wengi walikuwa wakitupwa nje ya kazi zao kwa sababu ya siasa, na kijiji kikadhani naye ni mmoja wao, mkamwinulia kofia barabarani, na yeye hakukubali wala kukataa. Lakini serikali ilipogeuka mwishoni mwa 1989, waliotupwa wakaanza kuletewa barua za kuombwa radhi na kurudishiwa vyeo, hata yule mpiga zeze wa mtaa wa juu akaletewa, na marehemu hakuletewa kitu, fomu alikuwa ametumiwa lakini aliirudisha bila kuijaza. Hapo watu wakauliza, na aliyekuwa na binamu Brno akaleta jibu, na kofia zikarudi vichwani. Aliyesema katika baa hii hii kwamba "profesa wetu alijitungia neno ili apate ukubwa" yuko chumbani humu, na hatatajwa, ila aache kula mkate kabla ya wenzake.

Pasaka ya mwaka 1991 Vojtěch, akiwa na miaka ishirini na mitano, alimuuliza baba yake sebuleni, "Baba, ulidanganya au hukudanganya?" Marehemu akamjibu, "Kadi niliziandika mimi." "Sijauliza nani aliandika." "Na mimi nimekujibu hivyo." Vojtěch aliondoka na basi la jioni, na miaka kumi na moja hakukanyaga nyumba ile, mpaka alipozaliwa mjukuu, Barbora, mwaka 2002, ndipo walipopatana bila kuulizana, kama majirani waliogombana mpaka wakachoka. Siku ile ya Pasaka dada yake alikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta, akisikia kila neno, na alichofanya ni kumenya viazi. Alimenya vyote. Mke wa marehemu alifariki tarehe 2 Aprili 2008, naye alikwenda akiamini kwamba mumewe aliteleza mara moja maishani na kwamba alimsamehe.

Juzi Vojtěch alikuja kwa dada huyu akamwambia, "Shangazi, habari za Brno ziruke, andika tu alifanya kazi kwa bidii, watu wapate keki waende zao." Shangazi amekusikia, na hakuziruka. Baba yako hakudanganya, Vojtěch. Aliyedanganya ndiye anayesoma.

Ugonjwa wa marehemu ulianza tarehe 6 Machi 2017 kwa kiharusi kilichomlegeza mkono wa kulia, mkono wa kuandikia, kisha moyo ukafuata, akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitalini. Wiki ile ile dada yake alimwandikia daktari Zbyněk Odstrčil, daktari wa maneno si wa wagonjwa, anayetunza masanduku ya kamusi siku hizi, yule bwana mwembamba pale mwisho wa meza, akamwomba kadi tupu mia nne na nakala ya kadi zake mwenyewe, naye akazileta bila kuuliza sababu, jambo ambalo ni nadra kwa mtu aliyesoma. Basi kwa miaka miwili na nusu dada yake alipanda mabasi, akafika nyumba za wazee, vitanda vya wagonjwa na madawati ya nje ya makanisa, amebeba mfuko wenye jino la reki, kitambaa cha kuchujia jibini, bawa la bata bukini la kufagilia unga, na kila kitu kingine kinachobebeka, akawa anatoa kitu, anakiweka mezani, ananyamaza, kama alivyomwona ndugu yake akifanya. Huko juu Karolinka mzee mmoja aliliangalia lile bawa, akamwangalia yeye, akamuuliza, "Mama, umetoroka hospitali gani?" Dada yake akazidi kunyamaza. "Haya basi," mzee akasema, "hilo ni..." na akalitaja, neno la bibi kabisa, herufi kwa herufi, na dada yake akaandika tarehe na jina la mzee, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile ilimbidi aazime leso ya mtu.

Tarehe 21 Septemba mwaka huu alimpelekea marehemu hesabu, kitandani. "Mangapi?" marehemu aliuliza, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja. "Mia mbili themanini na saba yana shahidi asiye ndugu, na hakuna niliyemtajia." "Na yaliyobaki?" "Ishirini na tano yana mimi tu, wote waliokuwa nayo wamekufa." "Hayo yatoe." "Nitayatoa." "Ni ya kweli?" "Ni ya kweli, Rosťo." "Najua. Yatoe hivyo hivyo." Alipumzika, kisha akasema, "Na haya mengine usiyaseme, dada, yameshapita." "Nitayasema." "Utaaibika." "Nina miaka themanini na tano, aibu yenyewe ifanye haraka." Alicheka, muuguzi akaja akawafokea wote wawili. Kwa hiyo ijulikane kwamba yaliyosomwa leo yamesomwa kinyume na matakwa ya marehemu, na dada yake hataomba radhi kwa hilo, ameshakuwa na mengine ya kuombea radhi.

Marehemu aliaga dunia Jumamosi tarehe 9 Novemba 2019, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hospitalini Vsetín, akiwa na miaka themanini na miwili, katika mwezi ambao kwa lugha yetu unaitwa kuanguka kwa majani, na yeye angekuwa wa kwanza kuwakumbusha. Ameacha mtoto mmoja, mkwe, wajukuu wawili, na dada.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa muuguzi Blanka, aliyemwachia marehemu taa ya kusomea kinyume cha kanuni, inawashukuru majirani waliochimba njia ya theluji mpaka mlangoni kwake majira mawili ya baridi, hata wale waliokuwa wakimsema, maana walimsema na bado walichimba, inawashukuru wenzake wa kiwanda cha mbao waliobeba jeneza, na daktari Odstrčil aliyetoka Brno kwa basi la kwanza. Lala, Rostislav, jina lako limerudi kwako, hudaiwi na mtu.

Lile boksi la viatu mezani ni la daktari Odstrčil, lina kadi mia mbili themanini na saba, kila moja na shahidi wake, na hakuna hata moja inayomtegemea mwongo. Zile ishirini na tano dada yake amezitoa mwenyewe, ziko kwenye mfuko wa koti lake, si za kamusi tena, na daktari asipoteze muda kumwomba. Mama mwenye baa, supu sasa. Vojtěch, kile kiti cha mwisho wa meza, karibu na daktari, hakina mtu, kakikalie. Mtakuwa na mengi ya kusema juu ya dada huyu, mengine ya haki, na hamtayasema vizuri akiwa amewatumbulia macho, kwa hiyo anakunja karatasi hizi, anavaa koti lake, anatoka, na mlango anaufunga.